Rodaji ya spika mpya, na shahidi aliyebaki ndani ya katoni

Katoni mbili zilizotoka Johannesburg ziliingia Lubumbashi, Kongo, kupitia mpaka wa Kasumbalesa mwishoni mwa Juni, na juu ya kila moja mwuzaji alikuwa amebandika karatasi yenye sentensi moja tu: mteja asitoe hukumu juu ya sauti kabla spika hazijacheza saa 300. Nilikuwa nimeweka akiba miaka minne kwa ajili ya spika hizo na amplifaya yake, na nakiri kwamba karatasi ile ilinifadhaisha kuliko bei. Mimi hupata saa mbili za muziki kila jioni, umeme ukikubali. Saa 300 zikigawanywa kwa saa mbili ni siku 150, yaani miezi mitano, ilhali muda wa kurudisha bidhaa, ulioandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya risiti ileile, ulikuwa siku 30. Mwenye kukuomba usihukumu mpaka Novemba huku mlango wa malalamiko ukifungwa Julai hana budi kuulizwa maswali mawili matatu.

Huku kwetu jambo hilo, yaani kukifanyisha kazi kitu kipya mpaka kilainike, huitwa rodaji, neno tulilolipata katika Kifaransa kupitia kwa mafundi wa magari na pikipiki. Injini mpya ina vyuma ambavyo havijazoeana. Pete za pistoni na kuta za silinda husuguana mpaka vilele vidogo vya chuma vikatike, na ndiyo maana dereva huambiwa asiikimbize injini sana katika kilomita za mwanzo. Injini pia haisemi uongo, kwa sababu ukimwaga oili ya kwanza utaona unga wa chuma uking'aa ndani yake. Spika haina oili ya kumwaga. Anayedai kwamba spika yake imefunguka baada ya wiki tatu hana cha kukuonyesha ila uso wake wa furaha.

Nilikwenda mtaa wa Kamalondo, humu mjini, kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na amplifaya tangu zamani, ambaye sisi sote humwita Papa Fundi. Nilitaka anieleze kama saa 300 ni kweli au ni maneno ya dukani. Hakunijibu. Aliniuliza kama nimekwisha kuzicheza, na nilipomwambia kwamba bado zimo katika katoni, alinishika mkono.

“Usizicheze zote mbili,” alisema. “Moja icheze, nyingine iache ilale. Siku utakapotaka kujua kilichobadilika, utakuwa na shahidi.”

Shauri hilo lilinigharimu zaidi ya nilivyodhani, kwa kuwa maana yake ni kwamba kwa muda wa miezi zaidi ya miwili nilisikiliza muziki kwa spika moja, swichi ya amplifaya ikiwa kwenye mono, yaani muziki wote ukipita njia moja, baada ya kununua mbili. Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, ambaye ninaishi naye pamoja na wanawe, hakuacha kuniuliza kama ile ya pili imekufa. Hata hivyo, sijapata kusikia shauri jema kuliko hilo katika mambo haya yote, maana watu karibu wote wanaosimulia rodaji hulinganisha spika ya leo na kumbukumbu ya spika ya mwezi uliopita, na sauti ni kitu kigumu mno kukitunza kichwani. Sura ya mtu unaikumbuka miaka. Lakini tofauti ndogo kati ya besi ya jana na besi ya leo hupotea kabla hujamaliza kuvuka chumba.

Kwanza ilibidi nielewe ni kitu gani ndani ya spika kinachoweza kulainika. Koni, yaani kiwambo kinachotikisika na kutoa sauti, inashikiliwa mahali pawili. Kwa nje kuna ukingo, ambao katika spika zangu ni wa mpira. Kwa ndani, karibu na koili, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma koni, kuna duara la kitambaa chenye mikunjo kama sahani ya mawimbi, kilicholowekwa utomvu na kukandamizwa kwa joto mpaka kikawa kigumu kiasi. Mafundi hukiita spaida. Kazi yake ni kuirudisha koni katikati kila inapokwenda mbele au nyuma, na kuizuia koili isiguse sumaku. Utomvu ule ukiwa mpya unashikamanisha nyuzi za kitambaa, na mara ya kwanza koni inapotembea kwa nguvu, baadhi ya mishikamano hiyo midogo hukatika. Hapo spaida hulegea kidogo. Hilo ni jambo la kweli. Watengenezaji wa spika wanalijua, na wengi wao huzitikisa spika kwa nguvu kabla ya kuzipima ili vipimo vyao visidanganye.

Jambo ambalo karatasi ya mwuzaji haikusema ni muda. Mishikamano hiyo haisubiri miezi mitano. Inakatika koni inapofika kwa mara ya kwanza mbali kuliko ilivyopata kufika, na hiyo ni kazi ya dakika, si ya majuma. Halafu kuna sanduku. Spika zangu ni za sanduku lililozibwa kabisa, lisilo na tundu, na hewa iliyofungwa ndani yake ni springi yenyewe: koni ikiingia ndani hewa inabanwa na kuisukuma irudi. Neville Thiele wa Australia aliandika juu ya hesabu za spika na sanduku mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtu anayezifuata hesabu hizo anaona kwamba, sanduku likiwa dogo, springi ya hewa ndiyo yenye nguvu, na hewa haina rodaji. Spaida ikilegea kwa kiasi fulani, spika iliyo wazi mezani itaonyesha mabadiliko makubwa kuliko spika hiyohiyo ikiwa ndani ya sanduku lake.

Tulizipima zote mbili asubuhi moja ya mwanzo wa Julai, sebuleni kwangu. Njia ya Papa Fundi haihitaji chombo cha bei. Aliunganisha rezista, kipande kinachouzuia umeme, ya omu 1,000 kwa mfululizo na spika, akapitisha mlio mmoja safi kutoka kwenye simu kupitia amplifaya, kisha akapima volti kwenye miguu ya spika huku mimi nikipandisha mlio hezi moja baada ya nyingine, hezi ikiwa ni mtikisiko mmoja kwa sekunde. Rezista hiyo ni kubwa sana ikilinganishwa na spika, hivyo mkondo unabaki karibu uleule, na volti zinapanda na kushuka kufuatana na ukinzani wa spika. Mahali zinapofika kileleni ndipo penye mtikisiko wa asili wa koni, mfano wa bembea ambayo ukiisukuma kwa wakati wake inakwenda juu bila jasho. Spaida na ukingo vikilegea, kilele hicho hushuka. Mlio ulikuwa mdogo, wa kutosha kupima tu, ili shahidi asije akalainika kwa kuhojiwa.

Spika ya kwanza ilipata hezi 62. Ya pili, 63.

Nilishangaa, kwa kuwa ni pacha, na nambari zao za kiwandani zinafuatana. Papa Fundi hakushangaa. Alisema kwamba mikate miwili ya tanuri moja haina uzito mmoja, na akaniambia niandike hezi hiyo moja kwenye daftari kwa wino mwekundu, kwa sababu mbele ya safari ningependa kuisahau.

Ya pili ikarudi ndani ya katoni. Ya kwanza tuliipa dakika 20 za besi nzito, koni ikitembea mpaka ikaonekana kwa macho, tukapima tena: 60. Nusura nimpigie mwuzaji simu kumpongeza. Kesho yake, saa ileile ya asubuhi, ilikuwa imepanda mpaka 61. Vitu vya mpira na kitambaa chenye utomvu vina tabia hiyo: ukivivuta vinalegea, ukiviacha vinarudi sehemu ya njia, kama kiatu kipya cha ngozi kilichovuliwa usiku. Kati ya hezi mbili tulizopata, moja ilikuwa ya kukopa.

Karatasi ilishauri pia kwamba mwenye haraka atumie kelele waridi, yaani mvumo uliopangwa ili kila oktava, kuanzia besi hadi sauti nyembamba, ipate nguvu sawa. Nilijaribu siku moja ya Jumamosi. Niliigeuza spika ikaangalia ukuta wa stoo, nikaifunika blanketi mbili, nikaufunga mlango. Haijapita saa moja, mama wa nyumba ya pili akabisha hodi na ndoo mbili. Alikuwa amesikia mvumo kupitia dirishani, naye akaamini kwamba maji yamerudi bombani na kwamba sisi tunajaza mapipa kimya kimya bila kuwaambia majirani. Kumweleza mtu mwenye ndoo mkononi kwamba unachezesha kelele makusudi ili kitambaa kilegee ni kazi ambayo sikuiweza. Nilizima, nikarudi kwenye muziki.

Jioni baada ya jioni nilijaza daftari: tarehe, saa ya kuanza, saa umeme ulipokatika, nilichosikia. Kurasa hizo nikizisoma leo naona mtu anayejidanganya kwa uaminifu mkubwa. Tarehe 3 Julai niliandika kwamba sauti imefungwa, besi imekauka, na sauti nyembamba zinakwaruza. Tarehe 22 Julai niliandika, na nikapiga mstari chini yake, kwamba besi imefunguka. Nilikuwa na uhakika kamili. Siku ya 30 ilipofika sikufikiria hata kidogo kurudisha kitu.

Ila daftari lilikuwa na safu nyingine ambayo niliijaza bila kuwaza, ya nafasi ya kitufe cha sauti. Wiki ya kwanza, kwa kuwa niliogopa kuiumiza spika mpya, kilielekea pale mshale wa saa unapoelekea saa tatu asubuhi. Tarehe 22 Julai kilikuwa karibu na saa tano. Hapo maelezo ni ya zamani kuliko spika zangu. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Laboratories, Marekani, walichapisha michoro inayoonyesha kwamba sikio la mwanadamu halizisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba kukosa usawa huko kunabadilika kufuatana na ukubwa wa sauti. Muziki ukiwa chini, besi hufifia mapema kuliko sauti za kati, na ukipandishwa, besi hurudi kwa haraka kuliko zingine. Aliyefunguka tarehe 22 Julai ni mkono wangu. Nami naamini kwamba sehemu kubwa ya rodaji inayosimuliwa duniani ni ya namna hiyo: mtu anaanza kwa woga na kitu cha thamani, anakizoea, anaongeza sauti kidogo kidogo, anasogeza kiti, mtoto anaisukuma spika karibu na ukuta ambao unaongeza besi, na yote hayo yanaandikwa kwenye hesabu ya spaida.

Sikio nalo lina rodaji yake, na hiyo siidharau. Redio niliyokuwa nayo kabla ya hapo ilivimbisha besi ya juu na kuficha sauti nyembamba. Baada ya miaka minane ya kuisikiliza, ndiyo iliyokuwa kipimo changu cha sauti ya kawaida, na kitu chochote kilichonyooka kilikuwa lazima kinipotee kama chakula kisicho na chumvi. Baada ya wiki chache nilikizoea kipya. Nilipoiwasha redio ya zamani mwezi Agosti niliisikia imeziba mdomo kwa kiganja, ingawa haikubadilika hata chembe.

Kuhusu nyaya nitasema machache, kwa sababu Mjomba alisema ya kutosha. Pamoja na spika, mwuzaji alikuwa ameniuzia waya wa mita tatu kila upande, wenye maelezo kwamba nao unahitaji saa 200 za rodaji ili shaba ipangike. Mjomba wangu alifanya kazi kwenye tanuri za shaba za mji huu mpaka alipostaafu, katika mkoa ambao kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 uliitwa Shaba kwa jina lake kamili. Alisoma maelezo yale kwa miwani, kisha bila miwani.

“Mwanangu,” aliniuliza, “waya huu ukicheza muziki unapata moto?”

Nilimwambia kwamba haupati hata uvuguvugu. Ndipo akanieleza, kwa upole ambao haukuficha hasira yake. Shaba ikivutwa kuwa waya inakuwa ngumu, na upitishaji wake wa umeme unapungua kwa asilimia kama tatu ikilinganishwa na shaba laini. Ili irudi kuwa laini hupashwa moto wa mamia ya nyuzi kiwandani, na humo ndimo chembe zake zinapopangika upya. Kiwango ambacho ulimwengu hutumia kupima upitishaji wa shaba laini kiliwekwa mwaka 1913. Waya ukishatoka kiwandani umekwisha rodaji yake yote, na nyimbo haziwezi kufanya kazi ya tanuri. Kinachobadilika ni ukinzani kufuatana na joto, takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi, na waya ukipoa ukinzani hurudi ulikokuwa. Tulipiga hesabu pamoja. Waya wangu wa milimita mraba 2.5, kwenda na kurudi mita sita, una ukinzani wa omu 0.04 hivi. Chumba kikipata joto nyuzi kumi zaidi, ukinzani huo unaongezeka kwa chini ya omu 0.002, mbele ya spika ya omu 8. Shaba inayostahili kuangaliwa ni ile ya koili, ndani ya spika, ambayo muziki mkali unaweza kuipasha moto mpaka ukinzani wake upande kwa zaidi ya robo. Nayo ikipoa hurudi. Waya ninao bado, ni mzuri, hauna kosa lolote isipokuwa karatasi yake.

Saa 100 zilitimia wiki ya kwanza ya Septemba. Papa Fundi alikuja mchana na rezista yake ileile. Spika iliyocheza ilikuwa imeshuka mpaka hezi 57. Kutoka 62 hadi 57! Niliona kwamba karatasi ilikuwa imesema kweli na kwamba mimi nilikuwa mtu wa shaka zisizo na msingi. Papa Fundi hakusema neno. Alifungua katoni, akamtoa shahidi, akamwacha apumue saa moja ili apate joto la chumba, akampima.

Shahidi, ambaye tangu Julai hakucheza hata noti moja, alikuwa ameshuka kutoka 63 hadi 59.

Tulitazamana. Kisha nikakumbuka baridi. Wageni hudhani kwamba Kongo yote ni joto. Lubumbashi iko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, na asubuhi za Juni na Julai hapa watu huvaa makoti. Siku ile ya kwanza sebule ilikuwa na nyuzi 15, nami nilikuwa nimeandika hivyo ukingoni mwa ukurasa. Mchana huu wa Septemba ilikuwa na nyuzi 28. Mpira na utomvu hukazika kwa baridi na kulegea kwa joto, na majira ya mwaka yalikuwa yameishusha spika iliyolala kwa hezi nne bila kuomba saa 300. Ile iliyofanya kazi ilishuka tano. Ukiondoa nne za majira, zilizobaki kwa rodaji ni moja, nayo ni ileile hezi moja tuliyoiona asubuhi iliyofuata dakika 20 za kwanza. Saa 99 na ushee zilizofuata hazikuongeza kitu ambacho kipimo chetu kingeweza kukiona.

Kipimo si sikio, najua, na jibu hilo hutolewa upesi sana mezani pa wapenzi wa sauti. Kwa hiyo jioni ileile tulining'iniza kitenge cha Yaya sebuleni, tukaziweka spika zote mbili nyuma yake bega kwa bega, tukasawazisha volti kwa mita ili moja isiizidi nyingine hata kidogo, maana yenye sauti kubwa kwa nusu desibeli husifiwa kwa uzuri badala ya ukubwa. Papa Fundi alikaa nyuma ya pazia. Alikuwa na vizibo 12 vya soda ndani ya kofia, sita vimekwaruzwa, sita vizima, na kila mara alichota kimoja kuamua ni spika ipi icheze kwanza. Katikati ya jaribio alizibadilisha nafasi. Kwa muziki nilichagua gitaa peke yake la Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo. Rekodi hizo ni za spika moja tangu kuzaliwa kwake, na gitaa linalopigwa kwa kidole gumba na cha shahada linaacha kila noti imesimama peke yake, besi huku, wimbo kule, hakuna pa kujificha.

Kila mmoja wetu aliandika ni ipi iliyocheza saa 100. Mjomba alipata saba kati ya 12, Yaya tano. Mimi, niliyeishi na spika ile miezi miwili na kuijua kama sauti ya mtu wa nyumbani, nilipata sita, sawa kabisa na mtu anayebahatisha akiwa amefumba macho. Katika raundi nne za mwanzo, shahidi alipokuwa bado mbichi, nilipatia mbili. Nilikuwa nimeandika pembeni mwa moja ya nilizokosea kwamba gumba la Mwenda linasikika limelegea na kutulia, jambo ambalo spika mpya haiwezi.

Yaya aliuliza, alipokuwa akikunja kitenge chake, kama sasa anaweza kuambiwa ile ya pili haikufa.

Papa Fundi ndiye aliyeona shimo katika jaribio letu. Alisema kwamba shahidi amekwisha kuozeshwa: kwa raundi zote zile alikuwa amecheza karibu dakika 40, na baadhi kwa sauti ya juu, hivyo hatuna tena spika isiyoguswa, na raundi za mwisho zilikuwa kati ya spika mbili zilizokwisha kutembea. Ni kweli. Anayetaka kurudia jaribio hili vizuri atafute shahidi zaidi ya mmoja, kama mfuko wake unamruhusu.

Kwa upande wa amplifaya sikuona haja ya daftari. Ina joto lake la kufanyia kazi, na nusu saa baada ya kuwashwa mikondo ya ndani inakuwa imetulia. Umeme ukikatika na kurudi, safari inaanza upya, na stabilaiza inaisaidia zaidi kuliko saa zozote 300. Kapasita zake za alumini, zinazotunza chaji ya umeme, zina utando mwembamba wa oksidi ambao hudhoofika kifaa kikikaa miaka stoo bila umeme, na hujijenga tena kikiwashwa. Hilo lina maana kwa mwenye kununua amplifaya ya babu, si kwa kitu kilichotoka kiwandani mwaka huu. Kichwa cha sindano cha gramafoni ndicho ningekipa saa chache za subira, kwa sababu kina mpira mdogo unaoshikilia sindano, na mambo niliyoyasema juu ya ukingo wa spika yanakihusu pia, baridi ikiwemo. Asubuhi za Julai mimi huwasha jiko la makaa nje, sebule ikapata jua kwanza, ndipo nashusha sindano.

Kesho yake mchana, chumba kikiwa na nyuzi 28 kama jana, nilipima mwenyewe. Iliyocheza saa 100 ilikuwa kwenye hezi 57. Shahidi, mwenye dakika zake 40, alikuwa kwenye 58. Hezi moja iliyowatenganisha ilikuwa ileile niliyoiandika kwa wino mwekundu asubuhi ya kwanza.